Vifuu Viwili vya Mjomba Faki

Mjomba Faki,

Asalamu alaykum, wewe na majirani zako wote wa huko. Miye Hamadi wako, yule uliyekuwa ukisema anakanyaga klachi kama anaua nge. Nakuandikia kwa sababu kaburini nikija nasoma Yasini tu. Haya mengine hayasemeki mbele za watu.

Gari yako ilikaa juu ya matofali miaka mitatu tangu tulipokuzika. Kuku wa mkeo Bi Time kakifanya kiti chako pahala pa kutagia. Miye hapa Konde bado nahangaika: asubuhi machungwa, mchana nachaji simu za watu, jioni nauza chochote kisichokimbia. Sukani sikuigusa tena. Ndo hivyo.

Basi Bi Time kaniita barazani. Kasema kachoka kuitazama gari inaoza. Nikipata leseni kabla ya watu kuanza kuanika karafuu, gari niichukue nipakie abiria wa Wete kama ulivyokuwa ukifanya. Nikishindwa, anaiuza. Nikauliza mnunuzi nani. Baro wa Wawi. Na wa kunifunza nani? Baro huyo huyo.

Mjomba, nicheke au nilie? Baro si yule utingo wako wa kabla yangu, aliyefuzu udereva kwa mwezi mmoja akapanda meli Mkoani, akenda zake Unguja, tusimuone tena mpaka siku ya maziko yako? Sasa karudi, anaitaka gari, na anamfunza mtu wa kumkosesha hiyo gari. Bure. Na chapati anakuja nazo mwenyewe. Paka akikuletea samaki kwenye sahani, wewe ungekula?

Chapati nilikula. Lakini kwa shaka.

Gari tukaiteremsha kwenye matofali, tukaanza. Akisema gia ya pili, natia ya tatu. Akisema polepole, nakanyaga. Siku moja kaniambia kata kushoto, nikajiuliza huko kushoto ana nini, nikakata kulia, tukaingia kwenye mihogo ya watu. Mwenye shamba, Bi mmoja mkali, kanisomea ukoo wangu wote. Baro kateremka kaomba radhi yeye. Hata hiyo radhi nikaitilia shaka.

Halafu siku ile kanipeleka mlima wa nyuma ya msikiti, ule ule wako. Kaniambia nisimamishe katikati, kateremka, katoa kifuu cha nazi kwenye mfuko, kakiweka nyuma ya tairi.

"Ondoka," kasema. "Ukirudi nyuma ukakivunja, leo unakunywa uji bila ya sukari."

Maneno yako hayo, Mjomba.

Unakumbuka? Kila baada ya alasiri. Miye ndani na klachi na breki ya mkono, wewe nyuma ya gari na kifuu. Naachia taratibu, gari inakwenda, nasema leo nimeweza, mara nasikia kra! Unakuja dirishani na vipande mkononi. "Bado, mwanangu. Bado." Miaka miwili bado. Tunarudi kwako, miye uji bila ya sukari, na Bi Time ananitilia sukari ukigeuza uso.

Kwa Baro niliondoka, nikategea sikio. Kimya. Kaniletea kifuu kizima. Tukarudia, kizima. Mara sita, kizima. Nikakigonga, nikakinusa, nikatazama kama si cha plastiki. Nikasema hapa pana mtego: huyu ananipumbaza nijione dereva, nikaanguke mbele ya trafiki, yeye achukue gari.

Nikenda mbio kwa Bi Time kumshitaki. Nikamkuta anakuna nazi. Nikamueleza yote, na vifuu, na ujanja wa Baro. Alicheka mpaka akaiwacha nazi. Halafu akafuta macho, na sikujua tena kama ni kicheko au kilio.

"Hamadi," kasema, "vifuu vya jikoni kwangu vilikuwa vikitoka viwili viwili. Kimoja cha tairi. Kimoja cha mguu wa mjomba ako."

Nilikaa chini pale pale kwenye makumbi ya nazi. Kumbe ile kra! ilikuwa ya mguu wako, si ya tairi.

Kasema Baro alipoondoka wiki nzima gari hukuitoa. Halafu nikaja miye, na miye nikaweza mapema, na wewe ukaona. Ukawa unamwambia, "Akifuzu na huyu, nani atapanda na miye?" Naye akanyamaza, kwa sababu na yeye hakutaka niondoke.

Yaani Mjomba. Nimewashuku watu wote wa Pemba, nikakuruka wewe.

Nilikasirika. Ijumaa mbili sikuja kaburini. Ndo hukuniona. Kisha nikakumbuka kwamba kweli ningekwenda. Nilishaulizia kazi Unguja, nilishaulizia mpaka meli. Nani alikwambia? Hadi leo namshuku muuza kahawa.

Baro nilimuuliza uso kwa uso kwa nini ananifunza. Kasema, "Mzee alinipa kazi ya mikono yangu, nikaondoka hata kwaheri sikumwambia. Wewe ndo kwaheri yangu." Halafu kasema gari bado anaitaka, na nikianguka atainunua kwa furaha. Hapo nikamuamini kidogo. Kidogo.

Mtihani nimefanya Chake. Trafiki kanisimamisha katikati ya mlima, kaniambia ondoka. Nikaondoka, na sikio liko nyuma. Mjomba, wallahi nilikuwa nausubiri ule mlio. Haukuja. Kwa mara ya kwanza nilitamani uje.

Leseni ninayo. Picha nimetoka kama mwizi wa kuku.

Basi nakuahidi: siendi. Na nikienda Unguja ni kununua tairi, narudi na meli ya pili yake. Bi Time kila Ijumaa nitampakia mbele tuje kukusomea. Na kifuu kile kizima nimekiweka mbele ya kioo, abiria wakiuliza nasema cha mjomba wangu, alikuwa na viwili.

Allah akulaze pema, mzee wangu mwongo. Uji nakunywa na sukari sasa. Si mtamu kama ule.

Hamadi wako