Ubeti wa Tatu Haukuitikiwa

Leo ni Jumamosi. Upepo umevuma tangu asubuhi na mlima Hanang umejifunika wingu. Nimevaa masweta mawili na bado nasikia baridi.

Leo nimeimba peke yangu mbele ya wenzangu ishirini.

Kwaya yetu ya shule inajiandaa kwa mahafali ya kidato cha nne, na wimbo nimeutunga mimi. Beti mbili za kwanza zinawashukuru walimu na wazazi. Wa tatu unamhusu kaka yangu Gwandu. Mwaka jana polisi walimpiga njiani akirudi mnadani na ng'ombe wetu. Walidai kibali, na kibali alikuwa nacho mfukoni. Tangu siku hiyo sikio lake la kulia halisikii. Baba alienda kulalamika mara tatu, kila mara akaambiwa arudi kesho.

Ndipo nikatunga wimbo. Wimbo hauambiwi urudi kesho.

Mazoezini nimeanzisha ubeti huo, nikangoja kiitikio. Wote wakatazama chini. Nikaitikia mwenyewe hadi mwisho.

"Wewe uimbe, sisi tupandishwe karandinga?" amesema Paskalina, na wengine wakacheka. Paskalina ndiye ninayekaa naye dawati moja.

Mwalimu wa kwaya amenibakiza. "Binti, wimbo ni mzuri. Ubeti wa tatu uache. Kutakuwa na wageni."

"Lakini ni kweli, mwalimu."

"Najua ni kweli. Ndiyo sababu."

Kurudi huku kijijini kwetu Gendabi huwa tunatembea wanne. Leo nimetembea mwenyewe.

Nakiri kwamba nilitaka Gwandu anihurumie. Nilipofika nyumbani nimekaa upande wake wa kushoto, nikamwimbia ubeti wote. Alikuwa anasokota kamba ya ndama na hakuinua kichwa.

"Hapo unaposema nililia nikiomba msamaha," akasema, "sikulia. Wala sikuomba. Niliwauliza kosa langu ni nini. Niliuliza mpaka wakachoka wao."

Nimeona aibu.

Miezi miwili nimekuwa na wimbo huu kichwani, na sikuwahi kumwuliza. Nilimliza kwa sababu kilio kilikaa vizuri kwenye sauti.

Nimefuta mistari miwili na kuweka swali lake. Sasa kiitikio ni hicho tu: kosa langu ni nini? Gwandu hakusema niimbe wala nisiimbe. Amesema jambo lile likiimbwa, liimbwe kama lilivyokuwa.

Jumatatu nitampelekea mwalimu ubeti mpya, na nitamwambia siwezi kuuacha. Huenda akaniondoa kwenye kwaya. Naogopa, kwa sababu nje ya kwaya sina marafiki wengi.

Nitauanzisha hata hivyo, kisha nitanyamaza nisikilize kama kuna atakayeitikia.

Paskalina asipoitikia, sitamnunia. Naye ana kaka wa kumhofia.