Futi Iliyovutika

Kaka yangu,

Hayo madoa ya vumbi hapo juu ni kiatu cha mpwa wako. Sasa hivi nilitandaza karatasi kwenye benchi, nikageuka kutafuta kalamu mkobani, kugeuka tena namkuta kasimama juu yake, mikono kiunoni, ananitazama kama askari wa getini. Nimemshusha na kumpa leso yangu aikunje, maana kukunja ndiyo kazi aliyofundishwa na babu yake. Basi usinione nimekuandikia kwenye karatasi chafu. Shikamoo kaka. Wifi hajambo? Na yule mdogo wenu, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, wa kusema wazima, ila moyo wangu leo haukai mahali pamoja.

Nipo nje ya chumba cha upasuaji. Baba ameingizwa saa mbili asubuhi na sasa inakaribia saa tano. Daktari alisema kuitoa tezi dume ni kazi ya saa tatu, pengine nne. Tuko watu sita kwenye mabenchi mawili, na kila mlango ukilia sote tunainua shingo kama kuku walioona kivuli. Jana uliponipigia nilikujibu kwa mkato, wala haikuwa dharau. Kwenye simu wewe neno la mtu unalimalizia kabla hajalitoa, na hili la kwangu halitaki kumaliziwa. Jirani yetu dereva anakuja huko jioni, nitampa barua hii akuletee.

Unakumbuka siku ile ulipokuwa nasi, daktari aliposema kuwa saratani imeonekana mapema na bado imo ndani ya tezi. Tulifurahi tukasahau kusikiliza yaliyofuata. Mimi niliyasikiliza baadaye, uliporudi kazini. Alinikalisha akanieleza taratibu kwamba shida ya baba si saratani peke yake. Ana sukari, ana presha, ana mafuta kwenye damu, ana kitambi, na hivyo vinne vikikaa kwa mtu mmoja vinasaidiana. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa, alisema, si lazima aharibikiwe, lakini wengi wao kidonda huchelewa kufunga, huingia uchafu, na mkojo huwatoka bila hiari kwa muda mrefu kuliko wenzao. Wengine hata ugonjwa wenyewe huwarudia upesi. Akatupa wiki sita tushushe sukari na kiuno kabla ya tarehe. Akanipa daftari. Kila asubuhi niandike sukari, na kila Jumapili niandike kiuno.

Kaka, unamjua baba yako. Wateja wanamwita Fundi Sentimita, leo aambiwe kiuno chake ndicho kipimwe. Alisema amewapima watu miaka arobaini na hajamwona aliyekufa kwa kiuno. Lakini alikubali. Sukari alijichoma mwenyewe chumbani, kisha ananitajia namba kutoka mlangoni, nami naandika. Kiuno nilimpima mimi, kwa futi yake aliyonitolea kwenye msumari nyuma ya cherehani. Juma la kwanza hospitali ilikuwa imempima sentimita mia na kumi na mbili. La pili mimi nikapata mia na saba. La tano tukafika mia na sita. Mimi nikawa natembea kwa madaha kama niliyepungua mwenyewe. Nilimwambia shemeji yako kwamba maharage yangu na mboga zangu zimemshinda daktari.

Siku ya kukaguliwa, muuguzi alimzungushia futi ya hospitali, ikasema mia na kumi na mbili. Ile ile ya juma la kwanza. Baba akamtania muuguzi kwamba futi yao imefuliwa ikarudi ikawa fupi. Muuguzi akacheka, akanakili namba ya daftari letu, na mimi nikacheka, lakini cheko langu lilikatika njiani. Wewe umekulia chini ya ile cherehani kama mimi. Unajua futi ya kitambaa ikizeeka huvutika, ikivutika humpunguza mtu. Baba huitupa kila mwaka, na wanafunzi wake huwaambia kwamba futi kuukuu humvua fundi nguo mbele ya mteja. Sasa yeye, mtu wa maneno hayo, alikuwa ameniokotea futi gani?

Sukari ya asubuhi ile ilikuwa nzuri, kwa sababu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake mchana. Wakatuambia tukae nje tusubiri. Kwa wasiwasi nikaitoa mashine yake ya sukari mkobani. Mpwa wako, ambaye kitufe hakimpiti, akabonyeza. Ikawaka namba ya zamani. Akabonyeza tena, ikaja nyingine. Kumi na nne. Kumi na sita na nukta mbili. Kumi na tatu. Tarehe ziko pembeni. Nikafungua daftari, na kwa tarehe zile zile mkono wangu umeandika saba, nane, saba na nusu. Baba alikuwa mita mbili kutoka kwangu, anamweleza mzee mwenzake jinsi ya kumtambua fundi mwongo kwa kumtazama tundu za vifungo.

Tuliporudi ndani daktari akatazama daftari, akatusifu, akasema Jumatatu ijayo tupasue. Baba akashusha pumzi, nikaona mabega yake yanashuka. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anamdanganya daktari kwa ukaidi. Alikuwa anaogopa kwamba akionekana hajafaa atarudishwa nyumbani na hicho kitu mwilini, na kila siku kinamla.

Sasa kaka, nakuomba ukae.

Wewe unajua kwamba Jumatatu ile hospitali ilivunja ahadi. Ulipiga simu ukamfokea yule karani wa watu, ukasema wanamchezea mzee wetu kwa kuwa hatuna mtu mkubwa wa kutusemea. Na mimi nilikuitikia. Nilisema ndiyo kaka, hawa watu hawana huruma. Si kweli. Hawakuvunja ahadi. Mimi ndiye niliyesema.

Tulikuwa tumeshafika getini. Nikamwambia baba nimesahau kofia ya mtoto, nikarudi mbio, nikamwekea daktari mashine mezani na kumwambia abonyeze mwenyewe. Akabonyeza mara nne, akinakili namba. Kesho yake akamwita baba, kwa kisingizio kwamba kuna kipimo kimesahaulika, akamtoa damu ile inayosoma sukari ya miezi mitatu. Hiyo haidanganyiki kwa kushinda na njaa. Ikatoka mbaya, na tarehe ikasogezwa wiki nane.

Nilimuuliza daktari kama saratani itasubiri. Alisema ya aina ya baba kwa kawaida hairuki katika wiki nane, na kwamba kumpasua na sukari ile kulimtia hofu zaidi. Alisema kwa kawaida, kaka. Hilo neno nimelala nalo wiki nane. Mwezi uliopita kipimo cha damu cha tezi kilipanda kidogo. Wakasema kupanda kule si kwa kutisha. Wakimfungua leo wakute saratani imetoka nje ya tezi, ni ulimi wangu ulioipa hizo siku.

Lakini nisiseme mabaya tu. Wiki nane hizo sikumwachia namba. Nilikaa naye kitandani akijichoma, na tulinunua futi mpya. Alitembea na mpwa wako kila asubuhi hadi kwa kinyozi na kurudi, mtoto mbele akimwambia babu tembea, babu usikae, mpaka kinyozi akawaita jeshi la watu wawili. Sukari imekaa saba na nane za kweli. Kiuno ni mia na tano. Presha imetulia. Daktari wa usingizi jana amesema hivi ndivyo anavyopenda mtu aje.

Na leo asubuhi, wanamsukuma, baba akanishika mkono akaniambia niiname. Akasema siku ile niliyorudi kuchukua kofia ya mtoto, kofia alikuwa nayo yeye mfukoni. Akasema amekaa na jambo hilo wiki nane akingoja nimwombe radhi, mwisho akaona mwenye kuomba radhi ni yeye. Alinipa ile futi kwa kujua. Kisha akaniagiza nimtazamie suruali ya mteja wake mwalimu iliyobaki bila pindo, na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo yeye anajua na amenisamehe. Umebaki wewe. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi, na yule karani mpigie umtake radhi, hakuwa na kosa. Sijui kama nilifanya vyema. Najua tu kwamba ningenyamaza, leo nisingeweza hata kukaa kwenye benchi hili. Nina tumaini, kaka. Baba ameingia akiwa na nguvu kuliko nilivyomwona mwaka mzima.

Msalimie wifi, uwabusu watoto, mwambie mkubwa barua yake niliipata na mwandiko wake umeshapita wangu. Mpwa wako anasema mjomba njoo na mpira. Mimi mdogo wako nakuombea kheri, na kama nimekukosea kwa kuficha basi

ngoja kaka, mlango umefunguliwa, daktari mwenyewe katoka na kofia yake mkononi, anaita ndugu wa Fundi, nimesimama, ananitazama na usoni