Mkataba Nimeushona Kwenye Bitana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaichana hii tiketi kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nimepata kazi ya kushona katika hoteli moja nje ya nchi, mkataba ni wa miaka miwili na viza ya kazi imeshagongwa kwenye pasipoti, nikadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, maana nilipokwenda kukata tiketi ya kwenda tu, dada wa dirishani akaniuliza, "Na ya kutoka huko iko wapi?" Akasema wapo abiria wanaozuiwa kupanda ndege kwa kukosa tiketi ya kuonyesha kwamba wataondoka, basi kwa woga nikakata na ya kurudi baada ya miezi miwili, ilimradi nisisumbuliwe.

Sasa shemeji yangu, ambaye hajawahi kupanda hata lifti lakini safari zote anazijua yeye, anasema nikiulizwa uwanjani niseme naenda kutembea tu, na mkataba wasiuone kabisa, nami nikamsikiliza, nikafumua mkoba nikaushona mkataba ndani ya bitana, na nimeushona vizuri hata mimi mwenyewe sioni mshono, lakini shoga yangu anasema wakiupata nitarudishwa, wakala mmoja wa safari naye anataka nimlipe anitengenezee tiketi nyingine ya karatasi tu, isiyo na nafasi kwenye ndege yoyote, sijui nimsikilize nani.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni mama. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, tiketi alisomewa na jirani yetu mwalimu, akaishika ile tarehe ya kurudi, akaenda hospitali kusogeza upasuaji wake hadi wiki moja baada yake, akasema, "Siguswi jicho mwanangu akiwa hayupo." Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaitikia, "Sawa, mama." Nasafiri baada ya wiki sita. Nikimwambia ukweli atalia na kunikataza, nisipomwambia atanisubiri. Sijui hata kama naenda au narudi. Nifanyeje?

Fundi niliyechanganyikiwa

Fundi, pole. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na wewe umepakia watatu kwa mpigo. Lakini pole yangu inaishia hapo. Viza ya kazi imegongwa kwenye pasipoti, halafu umwambie afisa unakwenda kutembea? Ataifungua, ataisoma, atakutazama. Utajibu nini? Shemeji hatakuwepo.

Chukua mkasi, ufumue hiyo bitana sasa hivi. Mkataba na anwani ya mwajiri vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na nakala. Kisha liandikie shirika la ndege, na ubalozi pia: mwenye viza ya kazi anatakiwa kuonyesha tiketi ya kuondoka, au mkataba unatosha? Ulizia na nchi utakayobadilishia ndege, maana nayo ina masharti yake. Wakujibu kwa maandishi. Wakisema haihitajiki, omba urudishiwe pesa ya tiketi ya kurudi. Wakisema inahitajika, ibaki, ila hakikisha tarehe inaweza kubadilishwa. Huyo wakala wa tiketi ya karatasi mkimbie. Wakiikagua namba wakaikosa, atakayebaki na masanduku ni wewe, yeye atakuwa amezima simu.

Sasa mama, na hapa nimekukasirikia kweli. Afisa bado hujamdanganya. Uliyemdanganya ni mtu asiyeweza kujisomea tiketi. Unataka akae na giza lake akimsubiri binti ambaye hayumo hata kwenye hiyo ndege ya kurudi?

Mwambie leo, mkiwa wawili, bila shemeji. Miaka miwili, useme hivyo hivyo, usipunguze. Atalia, mwache alie. Akikukataza, msikilize mpaka amalize. Kesho asubuhi mshike mkono mwende hospitali, mkaombe tarehe ya karibu. Wiki sita zinatosha, na zisipotosha, mwombe mwajiri wako siku chache zaidi. Huyo angalau hujamficha kitu. Mtie dawa za macho wewe mwenyewe, na siku ya kufunguliwa bandeji uwe umeketi mbele yake. Hata wakianza na jicho moja, linatosha kukuona ukimuaga.