Moshi wa Lori la Sikukuu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku kwetu kisiwani, Malindi, sote wazima, ila goti langu linajidai zee kuliko mimi. Mjomba wako kaoa tena; hayo tuyaache.

Umeniuliza: ikiwa petroli ya enzi zetu ilitiwa madini ya risasi yenye sumu, sisi hatukuhisi kitu? Tulihisi, mwanangu. Tulihisi raha.

Siku ya Idi watoto wa mjini tulipanda malori pale Mnazi Mmoja, tukazungushwa mji huku tunaimba. Mimi nikigombea kukaa nyuma kabisa, moshi unapopanda, maana harufu yake nikiipenda kuliko udi. Idi moja nikarudi nyumbani gauni langu jeupe limekuwa la kijivu.

Nikangoja kugombezwa. Mama hakunigombeza. Alichovya ncha ya kanga yake majini, akanifuta puani, ikatoka nyeusi. Akaitazama, akasema polepole, kama anazungumza na nafsi yake: "Masizi haya nshayatoa. Yaliyokwenda ndani nitayafuata wapi?"

Habari za risasi mama hakuwa nazo. Wewe unazo. Unasema petroli ya sasa haina tena madini hayo, alhamdulillahi. Lakini umeandika pia kwamba jirani yenu huko bara ni kiwanda cha kuyeyusha betri za gari, zilizojaa risasi hiyo hiyo, na kwamba mwanao analala chini ya dirisha la upande huo.

Ukimaliza kusoma, chovya kitambaa cheupe majini, upanguse ukingo wa dirisha hilo. Kitazame. Halafu ndio uamue mtoto alale wapi.

Bibi yako