Kofia za Jamhuri za Baba Nekesa

Baba Nekesa,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kuuliza hali. Hii siwezi. Nilikuwepo Bungoma mlipowekwa kaburini wewe na lile koti lako la kahawia, na udongo nilitupa kwa mkono wangu. Lakini juzi nilitoka Gikomba kununua uzi, nikajikuta nimekunja kona ya Shauri Moyo, nakuja kibandani kwako kama zamani. Nilifika hadi mlangoni.

Kuna mama anakaanga mandazi pale sasa. Amepaka mbao rangi ya samawati. Aliniuliza nataka ya ngapi, nikaondoka.

Mimi nilikuja kwako na mtoto mgongoni, sina kazi, sijui hata kushika sindano vizuri. Wewe ulikuwa unarekebisha kofia za mitumba, zile kepi zinazofika zimepondeka kwenye bunda, ukingo umevunjika, jasho la mwenyewe limekauka ndani. Hukuniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Ulisema tu, "Mtoto atalala. Wewe shona."

Unakumbuka siku ile ulinionyesha kofia mbili za Marekani, za timu moja ya besiboli? Herufi ya mbele ilikuwa ileile. Moja ilikuwa imejazwa nyota ndani ya herufi, nyingine ilikuwa na mistari myekundu na myeupe ukingoni. Ukaniambia, "Mwikali, tazama hawa watu. Timu ni moja, sikukuu ni moja, ile yao ya uhuru ya Julai, lakini kila mwaka wanabuni upya." Kuanzia hapo tukawa tunapekua kila bunda kama watu waliopoteza kitu. Ulizitundika kwa kufuatana. Ile ya bendera ndogo pembeni. Ile ambayo bendera ilimeza herufi nzima. Ile yenye rangi zilizofifia kama nguo za askari. Halafu ile uliyoipenda kuliko zote, nyeusi tupu, nyota moja tu chini ya ukingo, mahali anapoiona aliyeivaa peke yake. Vijana wa mtaa walipita wakisema, "Buda, hii ya ukutani si utuuzie?" Ukawa unawaambia hiyo imeolewa.

Ni wewe uliyeuliza kwa nini kofia zetu za sikukuu ya Jamhuri kila mwaka ni ngao ileile ya bendera katikati ya paji la uso. Ukaanza kushona zako. Moja kila Desemba, kwa mkono. Mwaka mmoja uliipeleka ngao nyuma ya kichwa, ukasema anayekufuata naye ana haki ya kuiona. Mwaka mwingine hukuweka ngao kabisa, uliweka majani ya chai ya kijani kuzunguka ukingo, na Mama Nekesa akacheka akasema umevaa shamba. Nilikuuliza mbona hushoni mbili. Ulisema, "Nikishona mbili, ya pili itakuwa ya kuuza."

Sasa barua imefika mahali ambapo sikutaka ifike.

Nilikuwa nimeshahamia Baba Dogo, nina chumba changu cha kazi na mashine ya kutarizi ya umeme. Ulifurahi kuliko mimi. Novemba ile ukaniita chai nyumbani, ukatoa kwenye mfuko kofia ya mwaka. Nyeusi, na uzi mweupe mmoja uliokatiza katikati ya nyekundu na kijani, ukazunguka kichwa chote, ukafika nyuma ukaishia kwenye fundo, na ncha ya uzi ikining'inia. Nilidhani hujamaliza. Ulisema, "Nchi bado inashonwa, mama. Nitakataje uzi?"

Nilirudi Baba Dogo nikaichora kabla sijaisahau. Nilijiambia nachora tu. Wiki ya pili mashine ilikuwa inaitoa, moja baada ya nyingine, na watu wakawa wanazigombania. Mashine haikuweza fundo, kwa hiyo uzi niliukata nyuma, ukaisha hivyo tu. Sikukuambia. Sikukuuliza. Nilikuwa na uwezo wa kupiga simu kila siku na kila siku nikaona nina kazi nyingi.

Halafu ukaja. Nilikuona unavuka mtaro ukija taratibu, nikatamani kujificha nyuma ya mashine. Uliwaamkia wasichana wote wawili wanaonisaidia kazi. Ukachukua kofia moja, ukaipindua ndani nje, ukapitisha kidole kwenye mshono. Mimi niliangalia viatu vyako. Ukaigeuza nyuma. "Fundo umeliacha," ulisema. Basi. Halafu, "Nitafutie ya kichwa changu."

Nilikupa. Uliivaa, ukaniaga kama kawaida, ukaenda. Hukunitukana. Ungenitukana ningelia, ningekuomba msamaha siku hiyohiyo na mambo yangeisha. Badala yake nilibaki na aibu yangu. Nilianza kununua uzi upande mwingine wa soko ili nisipite kwako. Jamhuri ikapita, hata Madaraka ya Juni ikapita. Niliposikia presha imekulaza, nilisema nitakuja Jumamosi. Ijumaa Nekesa akanipigia simu, na kabla hajaongea nilisikia analia.

Baada ya mazishi, tuliporudi mjini, Mama Nekesa aliniita nimsaidie kupanga vitu vyako. Kofia zimejaa katoni tatu, umezitia magazeti ndani zisipondeke. Nilikuwa nazitoa moja moja, hii ya nyota, hii ya chai, nikakutana na ya uzi mweupe. Niliigeuza nyuma, fundo liko. Ndani ya ukingo nikaona lebo yangu.

Ilikuwa yangu, Baba Nekesa. Ile niliyokupa. Ulikuwa umekaa ukaufumua mshono na kuishonea fundo kwa mkono.

Mama Nekesa akasema ndiyo uliyovaa kwenda uwanjani siku ya Jamhuri. Ile uliyoishona mwenyewe uliiacha kitandani. Alikuuliza kwa nini unavaa ya mashine, ukamjibu, "Miaka yote nimekuwa nikienda na kofia yangu peke yangu. Leo watu wamevaa ninayovaa." Anasema ulirudi umechoka lakini ulihesabu njia nzima, huyu anayo, yule anayo, na ulikuwa unacheka.

Nilikaa sakafuni nikamwambia kila kitu. Kwamba niliiba. Kwamba nilikukwepa. Aliendelea kukunja magazeti, akasema polepole, "Tulijua. Alikuwa anangoja uje unywe chai. Kila mtu akibisha mlangoni, alikuwa anainua kichwa."

Hilo ndilo linaloniamsha. Kofia si kitu, ulishanisamehe kabla ya kutoka chumbani kwangu, sasa nalijua. Lakini mlango. Ulikuwa unaangalia mlango, na mimi nilikuwa Baba Dogo, safari ya nusu saa, nikingoja Jumamosi.

Nilikosa. Nimekuja kuyasema haya nikiwa nimechelewa, na nayasema hivyo hivyo. Nisamehe na kwa hilo la pili, la kutokuja.

Katoni ziko kwa Mama Nekesa, hatutazigawa. Kila Jumapili baada ya kanisa naenda kunywa chai naye, na sijakosa hata moja. Tunazungumza habari zako. Desemba tumekubaliana kwenda uwanjani pamoja. Nitashona kofia mbili kwa mkono, yake na yangu, za mchoro ambao nimeutoa kichwani mwangu mwenyewe. Nimeshaharibu vitambaa vinne. Nakuahidi sitachukua tena kazi ya mtu bila kumtazama usoni na kumwomba. Na mama wa watu hataketi peke yake maadamu mimi nipo.

Pumzika, Baba Nekesa. Mshono wangu ungeucheka, lakini ungenisubiri nimalize.

Mwanafunzi wako,
Mwikali