Mkunazi wa Bi Mahfoudha na Bomba la Choo

Mpendwa mshauri Bi Aliya,

Naomba msaada wako kabla sijatangulia, maana tabibu ameshanambia moyo wangu umechoka, nami nilikuwa mwalimu Unguja, najua mtu anayeambiwa kwa upole anaambiwa nini. Mimi na mume wangu Thabit tulihamia hapa Maskati mwaka sitini na nne, tukaingia nyumba aliyokuwa akikaa mke wake wa kwanza, Bi Mahfoudha, marehemu ambaye sikuwahi kumwona, lakini uani aliacha mkunazi alioupanda kwa mkono wake, na mti huo ndio mke mwenzangu. Jirani akifiwa huja kuchuma majani ya kuoshea maiti, na kila anayechuma humwombea Bi Mahfoudha rehema, mimi nimesimama namshikia kikapu. Thabit alikuwa akiumwagia ndoo ya maji ya kisima kila asubuhi na kusema nao kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu harusi. Magoti yalipomshinda akaniachia mimi kazi hiyo, nami, Mungu anisamehe, maji ya mti nikawa nayamwaga bafuni, nikingoja ukauke.

Haukukauka, ulizidi kijani. Mwezi huu choo kimeziba, maji machafu yakarudi mpaka kizingitini, na fundi Bakhit alipochimba akakuta mizizi imepenya kwenye maungio ya bomba la udongo litokalo bafuni na chooni kwenda shimoni, akavuta shada refu kama nywele za mwanamke. Kasema mti ukatwe. Thabit aliitazama ile mizizi, akanambia, "Wewe ndiye mgonjwa, choo ni haja yako kuliko yangu. Ukisema ukatwe, utakatwa."

Bi Aliya, neno lipo ulimini na utamu wake nnausikia. Lakini hajui habari ya ndoo. Na nnajua nikifa nitaoshwa kwa majani yale yale, ya mwanamke yule. Niseme ukatwe?

Mgonjwa wa Maskati

*

Mwalimu wangu,

Pole kwa maradhi. Pole ya wivu sikupi, huo umeutilia maji mwenyewe. Mti ulinyimwa ya kisima ukafuata ya bafuni. Hata wewe ungefuata. Sasa unataka mti uhukumiwe kwa kosa lako, na mzee wa watu ashike shoka bila kujua sababu? Hukumu kama hiyo usingempa mtoto darasani.

Mwambie Thabit habari ya ndoo leo, kabla fundi hajarudi. Atakasirika, mwache akasirike. Huenda ikawa mara ya kwanza kusikia kwamba mkewe anamwonea wivu. Bakhit aliache bomba bovu, apitishe jipya ukuta wa pili, mbali na mti, na maungio ayazibe vizuri kwa saruji. Ndoo irudi shinani, upande usio na bomba.

Ama kuoshwa, majirani wanaochuma hapo hawaulizi marehemu wao alikuwa mke wa nani. Kaa uani, mwambie mumeo akuchumie majani, magoti yake yakiuma na yaume. Yaanike kivulini, yatwange, yafunge kitambaani, uyaweke pamoja na sanda yako. Siku ikifika, utaoshwa kwa majani aliyokuchumia Thabit, na aliyachuma ukimtazama.