Baba, Wamesema Nimenakili

Baba,

Mungu akutilie nuru huko uliko. Mimi bado niko Mahajanga, mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, na nina habari ambayo siwezi kumwambia Mama.

Nimepata sifuri ya jiografia. Mimi, binti wa Fundi aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa Marodoka! Hukuishi kuuona mtihani wangu wa kwanza na leo, Mungu anisamehe, nashukuru hukuuona.

Nilidurusu kama ulivyotufunza barazani: nimekaa chini, najitikisa, nasoma kwa sauti mpaka ukurasa mzima umenikaa kifuani. Wenzangu wa bwenini walinicheka, wakaniita muadhini. Likaja swali la mto Betsiboka na wekundu wake. Nikaandika somo lote neno kwa neno, mpaka vituo. Mwalimu, Mfaransa mmoja wa sauti ya upole, akanisimamisha mbele ya darasa akasema nimenakili.

Nikamwomba anisikilize, Baba, nikafumba macho, nikamsomea ukurasa ule wote. Nikadhani nimeshinda. Akasema, "Sawa, hukuiba. Sasa niambie wewe, kwa nini mto ni mwekundu?"

Maji yale nayaona kila siku nikipita bandarini, pale mto unapoingia baharini, mekundu kama matofali, na sikuwa na neno langu hata moja.

Jumatatu atanihoji tena. Nikishindwa, naondolewa chuoni, narudi nyumbani Nosy Be. Na Mama ameniletea salamu kwamba baraza yako imefungwa, wanafunzi wako wamehamia kwa fundi wa kijiji cha pili. Anasema nchi sasa ni yetu, inataka walimu wake, na mmoja atatoka nyumbani kwake. Tangu uende, hana jingine la kujivunia.

Kinachoniumiza ni hiki: kila nikijaribu kulieleza somo mwenyewe, nakusikia, "Usiongeze, usipunguze." Naacha, narudi kukariri. Kaburi lako bado bichi, nami naona kama nakuvunjia heshima. Tena nakukasirikia! Mbona hukuniambia kuna vitabu vinavyotaka kujibiwa? Halafu nalia, maana hata ugomvi huu siwezi kukupa nafasi ya kuujibu.

Jana nilijaribu, nikiwa uani nafua. Nikasema huko juu misitu imekatwa, vilima vimechomwa moto, mvua ikinyesha inateremka na ardhi yenyewe. Kifaransa changu kilichechemea vibaya. Lakini niliielewa habari yenyewe, Baba, na niliogopa.

Siku ya arobaini yako nitakusomea Kurani herufi kwa herufi, kama unavyotaka. Jumatatu, lakini, nitamjibu yule mwalimu kwa maneno yangu, hata yakiwa mabovu. Nakuahidi. Yakikufikia huko, usiyasahihishe. Niache nayo.

Lala salama, Baba yangu.

Mwanao,
Mariama